Ufuko na Ukuta Wake

Wako wasomi wasemao kwamba mtu alalaye katika hoteli ya anasa ufukoni ameusaliti umma. Wako na wengine wajibuo kwamba fedha ni yake, kaipata kwa halali, na akiitumia kupunga upepo wa ziwa, kosa liko wapi? Mabishano haya ni ya zamani. Mwaka 1970 vijana wa TANU wa chuo cha Dar es Salaam waliyaanzisha katika gazeti la Standard, na mwaka 1973 Issa Shivji akayatolea kitabu. Waliobishana walizitupia macho zaidi fedha za kigeni, na heshima ya nchi iliyokwisha kutangaza Ujamaa na Kujitegemea.

Lakini mshitakiwa wa siku zile alikuwa mgeni ashukaye ndegeni. Leo, katika hoteli za Mwanza, tangu Capri Point hata Ilemela, utawakuta pia mfanyabiashara wa hapa hapa, watumishi waliokuja semina, na maharusi na jamaa zao. Basi tusijifiche nyuma ya Mzungu. Anayejadiliwa ni sisi.

Nami sioni dhambi katika godoro zuri. Mtu aliyechoka astahili bafu safi, kivuli, na chakula asichokipika mwenyewe. Mpishi, dobi na mlinzi hupata mshahara huko, na mwenye kuhubiri kwamba mshahara huo ni utumwa, aje kwanza na kazi nyingine mkononi. Ni ghali, naam, asiyeweza, asiende.

Hoja yangu yaanzia kwenye bwawa la kuogelea. Kwa nini hoteli iliyo ukingoni mwa ziwa kubwa kupita yote ya Afrika ichimbe bwawa? Kwa sababu penye maji haba na majani huishi konokono waenezao kichocho, na mgeni huambiwa asiingie. Basi hulipia maji ambayo atayaangalia tu. Mtoto wa Mkuyuni, aliyetumwa na ndoo bomba lilipokauka, husimama ndani ya maji yale yale hata magotini. Na ili mandhari ya mgeni ikamilike, mtoto huyo yapasa asionekane.

Hapo ndipo ukuta unapoingia. Wavuvi wa ziwa hili wana neno lao, mwalo: mahali pa kupandisha mitumbwi, kushona nyavu, kuanika dagaa, kuuziana samaki. Mwalo hauhitaji nyumba. Jioni watu huondoka, mchanga ukabaki mtupu. Afisa ajaye na ramani haoni paa wala msingi. Huandika kwamba kiwanja ki wazi, na aliyezaliwa hapo huonekana mvamizi siku ukuta ukijengwa. Maskini hunyang'anywa kwa sababu matumizi yake hayaachi alama.

Nitaambiwa kwamba sheria ipo. Ni kweli: Sheria ya Ardhi ya 1999 yasema ardhi yote ni ya umma, chini ya udhamini wa Rais, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo wa ziwa. Lakini mita hizo ziliwekwa kuukinga ukingo na uharibifu; hazikuwekwa kwa ajili ya kijia cha mwenye ndoo. Waweza kuzitii zote, ukapanda nyasi na kuweka mlinzi, na mvuvi asipite. (Ziwa lenyewe halimwulizi mlinzi: Mei 2020 lilipanda kupita kimo cha 1964, likaingia katika nyua za watu bila ruhusa.)

Nitaambiwa tena kwamba mgeni hulipa ili asisumbuliwe. Vema, utulivu na auuziwe, chumbani, bustanini, bwawani. Ukingo wa maji usiingizwe katika hesabu yake. Halmashauri zisitoe kibali cha hoteli yoyote ya ufukoni kabla njia ya watu wote kufika majini haijachorwa katika ramani, na mwalo uliopo haujaandikwa kwa jina lake.

Na wewe utakaye kulala huko, kabla hujauliza bei ya chumba, uliza hivi: wavuvi hupitia wapi?