Ulaini wa Pikapu Yenye Chumba Mgongoni Usituhadae

Kwa muda wa miaka kadhaa sasa, barabara yetu itokayo Kampala kupitia Masaka na Mbarara hadi Kabale imekuwa ikipitiwa na magari ya namna ya pekee. Ni pikapu kama zile tuzijuazo sote, ila mahali palipokusudiwa viazi na saruji pamewekwa chumba kizima cha kulala, chenye kitanda, jiko la gesi na tangi la maji. Nyingine zimefunikwa kibanda cha faiba, na juu ya paa lake limefungwa hema la kukunjua. Wengi wanaozikodi ni wageni wanaokwenda kuwatazama gorila wa Bwindi au wanyama wa Kidepo, lakini wananchi wenzetu nao wameanza kuzipenda, na mafundi wetu wanazitengeneza.

Hatuna ugomvi na magari hayo. Yanaleta fedha mahali ambapo hoteli hazijafika. Tulilo nalo la kusema lahusu sifa moja ambayo wenye kuyakodisha hawachoki kuitaja, nayo ni kwamba pikapu ikishabebeshwa chumba hupoa, huacha kurukaruka, ikakaa barabarani kwa utulivu kama gari la mkubwa. Sifa hiyo ni ya kweli. Na kwa sababu ni ya kweli, ndiyo maana inahadaa.

Yafaa tueleze kwanza ukweli wake. Pikapu ya aina iitwayo ya tani moja hutengenezwa kubeba tani moja, na springi zake za nyuma, vile vyuma virefu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, hupewa ukakamavu wa kuhimili mzigo huo. Gari likiwa tupu springi hizo hazina kazi ya kutosha. Jiwe dogo la barabarani hurusha mkia mzima, na abiria wa kiti cha nyuma hulisikia mpaka kwenye meno. Wanaohesabu mambo haya hutumia kanuni nyepesi: pima ni sentimita ngapi springi imebonyea kwa uzito ulio juu yake, tafuta kipeuo cha pili cha idadi hiyo, kisha gawanya 5 kwa jawabu. Utapata ni mara ngapi gari litapanda na kushuka kwa kila sekunde. Springi iliyobonyea sentimita 5 hudunda zaidi ya mara 2 kwa sekunde. Ikibonyea sentimita 12 kwa sababu ya chumba, mdundo hupungua hadi mara 1 na nusu hivi. Mwili wa binadamu huchukizwa zaidi na mitikisiko ya kati ya mara 4 na 8 kwa sekunde. Kwa hiyo kadiri mdundo wa gari unavyozidi kwenda chini ya hapo, ndivyo msafiri anavyoona raha. Basi hapo mwenye gari hasemi uongo.

Lakini zile bomba za kutuliza mdundo, ambazo mafundi huziita shokamzoba, zilichaguliwa kwa uzito wa gari la kiwandani. Uzito ukiongezwa, nguvu yao ya kutuliza hupungua kwa kulinganishwa na kazi iliyopo. Gari likipita juu ya tuta halitulii baada ya kupanda na kushuka mara moja. Huendelea kuyumba mara ya pili na ya tatu, polepole na kwa adabu, kama mashua ziwani. Abiria husinzia. Dereva naye hudhani ni ulaini, kumbe magurudumu yake yanakanyaga barabara kwa nguvu mara hii na kwa ulegevu mara ijayo, na kona haimngojei mpaka yamalize kuyumba.

Hapo ndipo penye jambo letu. Starehe ya gari hupimwa kwa kiti, yaani juu chini. Usalama wake hupimwa kwa kona na breki, yaani kulia na kushoto, mbele na nyuma. Chumba cha mgongoni huongeza ile ya kwanza na kuipunguza hii ya pili, na kwa kuwa masikio na mgongo wa msafiri vinaisikia ya kwanza tu, hakuna kinachomwonya.

Tuchukue mfano wa hesabu. Pikapu ya kilo 1,900 ambayo kitovu cha uzito wake, yaani pale uzito wote unapokutana, kiko sentimita 70 juu ya ardhi, ibebeshwe chumba cha kilo 600 ambacho kitovu chake kiko sentimita 160 juu. Kitovu cha vyote viwili kwa pamoja hupanda hadi karibu sentimita 92. Upana kati ya magurudumu, tuseme mita 1 na nusu, haukuongezeka hata kidogo. Kona ambayo gari tupu lingeanza kupinduka likiwa na mwendo wa kilomita 60 kwa saa, hili litapinduka kwenye 52 au 53, na hiyo ni kabla hatujatia hesabuni jinsi springi zilizobonyea zinavyoliachia liegemee upande wa nje. Tena tofauti haiishii kwenye mwendo. Pikapu tupu ikizidishiwa mwendo kwenye lami kavu mara nyingi huteleza kwanza, na kuteleza humpa dereva nafasi ya kujirekebisha. Gari lililorefuka kwenda juu laweza kuinua magurudumu kabla halijateleza, na hapo hakuna cha kurekebisha. Anayeijua njia ya Kabale kwenda Kisoro, inapopanda msitu wa Echuya na kuteremka Kanaba, haulizi hesabu hizi zina faida gani.

Kuna na suala la mahali chumba kilipokaa. Pikapu yenye milango minne, ambayo ndiyo ipendwayo na wenye familia, ina nafasi fupi ya mizigo, na sehemu kubwa ya nafasi hiyo iko nyuma ya ekseli. Kilo 500 zikiwekwa sentimita 60 nyuma ya ekseli ya gari ambalo ekseli zake zimeachana mita 3, ekseli ya nyuma haibebi kilo 500 bali 600, maana zile 100 zimenyanyuliwa kutoka magurudumu ya mbele. Ndiyo mizani ya sokoni ile ile. Sasa magurudumu ya mbele ndiyo yenye usukani na ndiyo yanayofanya kazi kubwa ya breki. Usukani huwa mwepesi, jambo ambalo nalo husifiwa, na taa za mbele hutazama mbinguni zikiwapofusha wanaokuja.

Fundi wa mtaani akiona mkia umelala huongeza chuma kimoja au viwili katika springi, au huweka mifuko ya upepo kati ya ekseli na chesisi. Tunasema kwa heshima zote kwamba dawa hii inatibu sura ya mgonjwa. Mkia unainuka, lakini kitovu cha uzito hakikushuka. Kimepanda pamoja na mkia. Pikapu nyingi za miaka iliyopita zina kifaa kilichofungwa karibu na ekseli ya nyuma, ambacho husoma urefu wa gari na kuamua breki za nyuma zipewe nguvu kiasi gani: gari likilala hujua lina mzigo, likisimama hujua ni tupu. Likiinuliwa kwa chuma cha fundi huku mzigo ungalipo, kifaa hicho hudanganyika na kuzinyima breki za nyuma nguvu inayostahili, isipokuwa kirekebishwe upya. Na huko Australia, ambako safari za namna hii ni desturi ya taifa, picha za pikapu za milango minne zilizopinda chesisi nyuma ya chumba cha dereva zimekuwa jambo la kawaida: mifuko ya upepo ilisukuma chesisi juu mahali pamoja, na chumba kizito kikaivuta chini nyuma yake.

Matairi nayo yana neno lao. Dereva wengi hupunguza upepo ili kulainisha barabara za changarawe zilizokunjana kama bati. Kwa gari tupu si vibaya. Kwa lililobeba chumba, kuta za tairi hupinda kupita kiasi, hupata moto, na hatimaye hupasuka. Mwandishi wa Kimarekani John Steinbeck alizunguka nchi yake mwaka 1960 kwa pikapu yenye chumba mgongoni, akasimulia safari hiyo katika kitabu kilichotoka mwaka 1962. Naye, aliyekuwa na gari jipya la kuagizwa maalumu na shehena kubwa ya vitabu na vyakula, alipasukiwa tairi la nyuma huko Oregon mvua ikinyesha. Gari lenyewe limehifadhiwa hadi leo Salinas, California.

Wamarekani hao hao, vyumba hivi vilipoenea kwao, waliona kwamba haifai kumwachia mnunuzi akisie. Kanuni ya serikali yao ya miaka ya 1970 iliwataka wenye viwanda vya vyumba kubandika kwenye kila chumba uzito wake pamoja na maji na gesi, na wenye viwanda vya pikapu kueleza ni mzigo wa kilo ngapi gari laweza kubeba, na kitovu cha uzito wa chumba kikae baina ya wapi na wapi. Haikuwa sheria ya kupiga marufuku. Ilikuwa sheria ya kusema kweli kwa tarakimu.

Nasi tuhesabu kidogo. Chumba kilo 600. Watu wanne wa kilo 70, kilo 280. Maji lita 60, kilo 60. Madebe mawili ya dizeli ya lita 20, kilo 34. Tairi la pili la akiba, kilo 30. Jumla 1,004. Tani moja imekwisha, na bado hatujapakia godoro, sufuria wala mtu wa kuwaonyesha njia. Chuma cha kujikinga na wanyama kilichofungwa mbele hatukukitaja, wala hema la pili.

Kwa maoni yetu, kila anayekodisha gari la namna hii angelazimika kulipitisha kwenye mizani likiwa na chumba, maji na mafuta, ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake, kisha abandike kwenye kioo karatasi yenye tarakimu mbili: uzito uliopimwa na uzito uliosalia. Fundi naye, anapoongeza chuma, abadili na shokamzoba, na arekebishe kile kifaa cha breki na taa siku hiyo hiyo. Gharama ya mizani ni ndogo kuliko ya tairi moja. Mpangaji atajua kabla hajatoa amana kama zimesalia kilo 400 kwa ajili ya watoto wake na maji yao, au zimesalia 40.