Acheni Hiyo "Mama Anakuja Kesho"

Ndugu zangu wa kambini, kuna uongo mmoja tunaugawa kwa ukarimu kuliko posho: "Nyamaza, mama anakuja kesho." Anaambiwa mtoto wa miaka mitatu aliyevushwa mto Rusizi mgongoni mwa shangazi, mwezi wa pili 2025, Bukavu ilipotekwa. Anaambiwa na yule wa Nakivale, na yule wa Nyarugusu. Kesho inafika, mama hayupo. Tunamwongezea kesho nyingine.

Eti ni huruma. Huruma gani hiyo? Mtoto mdogo hajui kalenda, ila anajua nani anamdanganya. Baada ya kesho kumi, hata ukimwambia "naenda bombani, narudi" haamini. Anang'ang'ania kitenge chako, anakojoa kitandani wakati alishaacha, anakataa kula. Hapo tunasema anadeka, tunamchapa. Uongo wetu, fimbo yake!

Wazee wananijibu: "Akijua ataumia." Jamani, ameshaumia. Aliyelala bila joto la mama ni yeye. Tukimnyima sababu, anajitungia ya kwake: nilikuwa mtundu, mama akaniacha.

Mpe maneno machache ya kweli, yaleyale kila akiuliza: "Mama hayuko hapa. Vita vilitutenganisha. Si kosa lako. Hatujui atakuja lini, tunamtafuta. Leo utakula na mimi, utalala na mimi." Akilia, kaa naye alie. Mtu yuleyule amlaze kila usiku, kwa wimbo wa mama yake kama unaujua. Mtoto hapitishwi nyumba kwa nyumba kama sufuria ya kuazima.

Na jina la mama litajwe. Kulificha ni kumzika mtu ambaye hujui kama amekufa. Kama unajua kweli amekufa, sema amekufa. Ukisema "amelala", mtoto ataogopa usingizi.

Lakini "tunamtafuta" nayo iwe kweli. Msalaba Mwekundu wanatafuta ndugu waliopotezana, na hawatozi pesa. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 22, unazitaka serikali kusaidia kutafuta wazazi wa mtoto mkimbizi. Wapo wanaoogopa kumwandikisha, wakidhani atanyang'anywa. Naielewa hofu hiyo, tumeshanyang'anywa mengi. Ila kumficha mtoto ni kumficha pia kwa mama yake, ambaye labda yuko kambi nyingine anauliza foleni nzima.

Kwa hiyo peleka jina lake, la mama, la baba, la kijiji, na mahali mlipopotezana. Mfundishe na yeye ayaseme bila kukosea. Kama hayajaandikwa popote, nenda kesho asubuhi. Mtoto amesubiri kesho nyingi, hii moja itimize.