Mzizi Hautawaliwi na Homoni Moja

Miswada mingi iliyofika mezani kwa ajili ya toleo hili ilibeba ubishi uleule: ni homoni ipi inayoutawala mzizi? Kambi ya auksini inasema nyingine zote ni wapambe wake. Kambi ya sitokinini inajibu kwamba auksini haifiki popote pasipo sitokinini kuiwekea mipaka. Nimechoshwa na ubishi huu, kwa sababu unatuzuia kuuliza jambo lenye faida zaidi: homoni hizi hukutana wapi, na hapo zinapokutana pana hali gani?

Suala la ukuu lilipaswa kufungwa mwaka 2008, Raffaele Dello Ioio na wenzake huko Roma walipoonyesha jinsi homoni hizo mbili zinavyoivuta jeni moja, SHY2. Pale seli zinapoacha kugawanyika na kuanza kurefuka, sitokinini huiwasha SHY2, nayo hupunguza kazi ya jeni za PIN zinazopitisha auksini. Auksini kwa upande wake husababisha protini hiyohiyo ivunjwe. Punguza sitokinini, kanda ya mgawanyiko itarefuka, iongeze, itafupika, na njia yote inapitia kwa auksini. Hapo anayetafuta bwana na mtumwa atatafuta sana.

Lakini lililonifanya nishike kalamu hasa ni ethilini. Tangu mwaka 2007 tunajua kwamba huufupisha mzizi kwa mkono wa auksini: huongeza utengenezaji wake kwenye ncha, kisha auksini hiyo husafirishwa hadi kanda ya kurefuka, ambako wingi wake huzikwamisha seli. Hayo yalipimwa kwenye sahani za agari. Januari 2021 Bipin Pandey na wenzake wakaupeleka mzizi kwenye udongo ulioshindiliwa. Tulikuwa tumezoea kufundisha kwamba mzizi hukwama kwenye tabaka gumu kwa kukosa nguvu ya kulitoboa. Wao walichukua mpunga na Arabidopsis zisizohisi ethilini, wakaona mizizi yake ikipenya udongo uleule ambamo mizizi ya kawaida ilisimama na kuvimba. Siri imo katika nafasi za hewa. Udongo ukiwa tifutifu, ethilini inayotoka kwenye mzizi hupita katikati ya chembe za udongo na kwenda zake. Udongo ukishindiliwa, nafasi hizo hubanana, gesi hubaki imeuzunguka mzizi, nao husimama. Mwaka 2022 kazi nyingine juu ya mpunga ikaonyesha mgawanyo wa kazi unaofuata: auksini huzuia urefu, na asidi ya absisiki huzinenepesha seli za korteksi.

Sasa litazame shamba lililolimwa kwa trekta kwa kina kilekile, msimu baada ya msimu, hadi chini yake pakawa pagumu kama sakafu. Mahindi yakinyauka siku chache baada ya mvua kukatika, tunasema ni ukame. Huenda unyevu upo hapo chini, na mzizi umezuiwa kuufikia na gesi iliyotoka mwilini mwake wenyewe. Sisemi tukimbilie kuzalisha mbegu zisizohisi ethilini, kwa maana mmea unaihitaji kwa mengi, kuanzia kustahimili mafuriko hadi kuivisha matunda. Nasema wataalamu wa homoni na wataalamu wa udongo hawana tena sababu ya kukaa vyumba tofauti.

Taaluma yetu imekaa mno kwenye sahani. Anayefunga sahani zake kwa utepe unaopitisha hewa, akijua kuwa zikizibwa kabisa ethilini itajikusanya na kumharibia vipimo, tayari amekubali kwamba hewa inayouzunguka mzizi ni sehemu ya jaribio. Mizizi hiyo pia huota kwenye mwanga, na mwanga huichochea itengeneze flavonoli, ambazo huingilia usafirishaji wa auksini. Halafu kutokana na vipimo hivyo tunataka kuamua ni homoni ipi kuu!

Makala ya strigolaktoni naomba isomwe kwanza. Mwaka 1966 kemikali hii ilijulikana kama kiamsho cha mbegu za kiduha. Mwaka 2005, kama mwito wa mzizi kwa kuvu wanaoshirikiana nao. Na mwaka 2008 ndipo ilipotambuliwa kuwa homoni inayozuia matawi. Udongo ukipungukiwa fosforasi, mzizi huitoa kwa wingi zaidi, na kiduha hupata kilichokuwa kikingoja. Mkulima wa mtama anayekuta kiduha kimeshamiri kwenye kipande kilichochoka anaiona homoni ikifanya kazi nje ya mmea.

Mapitio ya brasinosteroidi ni makini. Ile ya jiberelini inadai subira ya milinganyo, na mwenye subira atafaidika. Makala ya vipando vya chai itawafaa wenye vitalu.

Kuanzia toleo lijalo, mswada wowote unaodai kwamba homoni fulani hurefusha au hufupisha mzizi utatakiwa kueleza mzizi huo uliota kwenye nini. Kama ni udongo, tutataka uzito wake mkavu kwa kila sentimita ya ujazo, unyevu wake na fosforasi iliyomo. Kama ni agari, tutataka kiasi cha sukari, mwanga ulioifikia mizizi na namna sahani zilivyofungwa. Wahakiki wameshaarifiwa.