Ndoo ya Maji Irudi Langoni mwa Soko

Ndugu zangu wa Kachibora, nanyi jirani zetu wa Kitale na Bungoma,

Ukifika Kachibora siku ya soko, macho hayakosi cha kutazama. Viazi vimeshuka kutoka milima ya Cherang'any, kabichi zimerundikwa juu ya magunia, mahindi yanapimwa kwa gorogoro, na kando robota la mitumba limefunguliwa, kila mtu anachagua haraka kabla mwenzake hajamtangulia. Noti ya shilingi mia inatoka kwa mnunuzi na kuingia kwa muuza viazi. Muuza viazi ananunua mandazi. Muuza mandazi anaifunga noti ile kwenye pindo la leso, kisha anaendelea kugawa mandazi kwa vidole vile vile. Hakuna mkono uliogusa maji.

Maji tulikuwa nayo. Mwaka 2020, ndoo au mtungi wenye mfereji ulisimama kwenye lango la soko, mbele ya duka, kwenye steji ya matatu na mlangoni mwa kanisa, na kipande cha sabuni kikaning'inia ndani ya wavu wa vitunguu. Watoto wa chekechea walinawa bila kuambiwa. Kisha mtungi mmoja ukapasuka, mwingine ukarudi nyumbani kunyweshea ndama, wa tatu haujulikani ulikoenda. Hatukuuliza. Leo ninauliza, na ninawaomba tuuweke tena.

Tukumbuke ilivyokuwa. Tarehe 13 Machi 2020, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, msafiri aliyetoka Marekani kupitia London. Siku chache baadaye shule zilifungwa, na kabla mwezi haujaisha ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa na kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Kaunti nyingi zilifunga masoko ya wazi. Ugonjwa ulioshuka uwanja wa ndege wa Nairobi ukamfikia mama mboga ambaye hajawahi kupanda hata lifti.

Wapo waliosema hayo ni mambo ya watu wa Nairobi na Ulaya. Lakini hesabu mwenyewe. Mitumba tunayochagua hapa ilivaliwa kwanza ng'ambo. Serikali iliposimamisha kuiingiza nchini, hadi ruhusa iliporudi Agosti mwaka ule, wauzaji wetu walikaa na meza tupu. Wanariadha wanaofanya mazoezi katika milima hii hulipwa kwenye mbio za ugenini. Boston Marathon, inayokimbiwa tangu 1897, ilifutwa, na ile ya London ikasogezwa hadi Oktoba na kuachiwa wakimbiaji wachache wa kulipwa. Mkimbiaji asiposafiri, fundi wa nyumba yake hana kazi, na mwenye duka la vyakula anaongeza madeni kwenye daftari.

Pesa za walio nje, kwa upande mwingine, hazikukatika. Kwa takwimu za Benki Kuu, Wakenya wa ng'ambo walituma dola bilioni 2.8 mwaka 2019, na mwaka 2020, ndege zikiwa zimelala, wakatuma bilioni 3.09. Shangazi aliye Ghuba hakuweza kuja kumzika mama yake, lakini ada na unga vilifika kwa simu.

Nasi tukabadilika katika kununua. Kwa miezi kadhaa, kuanzia Machi hadi Desemba 2020, kutuma pesa kwa simu hadi shilingi 1,000 hakukutozwa ada, na hata sukuma wiki ya shilingi ishirini ikalipiwa kwa M-Pesa. Tuliokuwa tukifuata kila kitu Kitale tulianza kununua kwa jirani. Mwenye bodaboda akawa mletaji wa mboga na dawa. Fundi cherehani aliyekuwa akingoja sare za shule akashona barakoa. Ndimu na tangawizi, zilizozoea kukaa ukingoni mwa meza, zikapanda bei. Mengine katika hayo tumeyashika hadi leo, kwa sababu yanatupunguzia gharama au safari. Tulichoacha ni kile kilichokuwa rahisi kuliko vyote: maji na sabuni.

Mtu ataniambia korona imepita, kafyu iliondolewa Siku ya Mashujaa 2021, kwa nini nifukue kaburi? Nitamjibu kwa habari za hapa hapa kwetu. Mwaka 1980, Mfaransa mmoja aliyefanya kazi katika kiwanda cha sukari cha Nzoia, Bungoma, alitembelea pango la Kitum katika Mlima Elgon, lile ambalo ndovu huingia usiku kulamba chumvi. Aliugua homa kali ya virusi vya Marburg, akapelekwa Nairobi, akafa. Daktari aliyemhudumia aliambukizwa, akapona kwa bahati. Mwaka 1987 kijana kutoka Denmark aliyetembelea pango hilo hilo akafa kwa ugonjwa huo. Oktoba 2017 Marburg ikazuka Kween, upande wa pili wa mlima, nchini Uganda. Watu watatu waliugua, wote wakafa, na mmoja wao alikuwa amevuka kuja Kenya kabla ya kufariki. Mwaka 2022 na tena 2025 Uganda ilitangaza Ebola. Julai 2024 mgonjwa wa kwanza wa mpox nchini Kenya aligunduliwa mpakani Taveta, akiwa msafiri anayepita.

Sasa angalia tulipo. Barabara ya Kitale hadi Suam, mpakani mwa Uganda, kupitia Endebess imewekwa lami. Vituo vingine vya mpakani, Lwakhakha katika Bungoma na Malaba katika Busia jirani, haviko mbali. Mahindi, ndizi, maharagwe na ng'ombe huvuka kila siku, na watu huvuka navyo, kwani ukoo mmoja una nyumba pande zote mbili za mpaka. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hatutaki mgeni asije. Tunaishi kwa kuja kwake. Tunachotaka ni mwenyeji awe tayari.

Ubaya wa kutokuwa tayari tuliuona Malaba mwaka 2020. Madereva wa malori walipotakiwa kupimwa kabla ya kuvuka, foleni ilirudi nyuma kilomita na kilomita, ikaingia ndani ya Bungoma. Watu walilala siku kadhaa chini ya trela zao, na wenyeji waliowauzia chai wakaogopwa kama wagonjwa. Dereva aliyekuwa akitulishia mji akawa mtu wa kunyooshewa kidole.

Soko likifungwa, anayeumia kwanza si mwenye stoo ya mahindi. Mahindi yatangoja. Anayeumia ni mama aliyenunua nyanya kwa mkopo wa chama asubuhi, maana nyanya hazingoji na chama hakingoji. Ndiyo maana nasema mtungi wa maji ni mlinzi wa biashara kabla ya kuwa mlinzi wa afya. Soko linaloonyesha kwamba limejipanga lina hoja ya kuachwa wazi siku ya tangazo la ugonjwa. Lisilo na hata tone la maji halina la kujitetea. Na hata tangazo lisipokuja, maji hayo yatatupunguzia kipindupindu na homa ya matumbo, magonjwa yasiyohitaji ndege kutufikia.

Basi ombi langu ni hili. Kamati ya soko, Katiba ya 2010 katika Jedwali la Nne imeipa serikali ya kaunti kazi ya masoko na ya afya. Kila siku ya soko tunalipa ushuru na kupewa risiti. Nendeni na risiti hizo kwa afisa wa soko, mkamwulize kwa heshima: katika pesa hizi, maji yamo? Msiondoke bila tarehe.

Wauzaji, msingoje kaunti. Watu kumi wa mstari mmoja wakichanga, mtungi wenye mfereji unapatikana, na zamu ya kuujaza inagawanywa kama zamu ya chama. Wenzangu wa bodaboda na matatu, tuweke mtungi mmoja kwenye steji.

Wanunuzi, tusiache kununua kwa jirani kwa sababu tu barabara imefunguliwa. Na tukimwona mgeni kutoka ng'ambo ya mpaka au aliyerudi kutoka Ghuba, tumpe mkono uliooshwa na maji ya kuoshea wake. Akijisikia homa, tumsindikize hospitali bila kumtangaza kijijini. Mtu akiaibishwa, mwenzake ataficha, na ugonjwa uliofichwa ndio unaofunga soko.

Utakapokwenda sokoni wiki hii, kabla ya kuuliza bei ya viazi, uliza maji yako wapi. Ukiambiwa hakuna, usirudi nyumbani kabla hujamtafuta mtu wa kuchanga naye.