Kasiksi nzuri huanza na ndizi moja na mtama mmoja

Mama anayekimbia vita huacha shamba, nyumba, mbuzi na mitungi. Kinachobaki mikononi mwake ni ujuzi, na kwa wengi wa Kivu ya kusini na ya kaskazini ujuzi huo ni wa kutengeneza kasiksi. Ndiyo maana pembeni ya makambi ya wahami, na katika mitaa iliyopokea familia zilizokimbia, bidoni za kasiksi huonekana mapema. Bidoni moja ikiuzwa vizuri, chumvi inapatikana, sabuni inapatikana, na daftari la mtoto pia.

Lakini kuna vitu viwili ambavyo mama huyo hakuweza kubeba: mgomba wake na mtama wake. Kijijini alijua kila mkungu umetoka mgomba gani, na mtama alivuna mwenyewe. Sokoni leo anauziwa ndizi za aina tatu katika rundo moja, na mtama uliochanganywa kutoka magunia ya watu mbalimbali. Anatengeneza kama alivyofundishwa na mama yake, lakini pombe inachacha siku ya pili, au inakuwa nyepesi kama maji. Mtaji wote umemwagika, na hajui kosa lilikuwa wapi.

Hapo wengi hukimbilia kuongeza kitu: sukari kidogo, chachu ya dukani, unga wa nafaka nyingine juu ya ule wa kwanza. Kinachofaa ni kinyume chake. Apunguze. Atumie ndizi ya aina moja na mtama wa aina moja, mpaka ajue kila kimoja kinafanya kazi gani ndani ya bidoni.

Fikra hii haipingani na ufundi wa bia kubwa za viwandani. Bia ya chupa hutengenezwa kwa kimea, yaani nafaka iliyooteshwa na kukaushwa, pamoja na hopi, maua ya mmea unaotambaa ambao kwa Kifaransa huitwa houblon. Mwaka 1842, katika mji wa Plzeň ulioko leo nchi ya Ucheki, fundi Josef Groll alipika bia ya rangi ya dhahabu kwa kimea cheupe cha shayiri na hopi ya eneo la Žatec. Bia nyingi za rangi hiyo zinazonywewa duniani leo zilifuata mfano wa ile. Hata sasa, watu wa Ulaya na Marekani wanaopika bia nyumbani hujifunza kwa kimea kimoja na hopi moja. Safari nyingine wanabadilisha hopi tu, na kila kitu kingine kinabaki vilevile. Kwa njia hiyo ulimi unajua tofauti imetoka wapi.

Hopi ina kazi tatu: kuleta uchungu, kuleta harufu, na kuzuia vijidudu vinavyochachusha bia. Haistawi karibu na ikweta, kwa kuwa inahitaji mchana mrefu wa kiangazi cha nchi za mbali, wakati mchana wa Kongo ni wa saa 12 hivi mwaka mzima. Kwa hiyo viwanda huiagiza kutoka nje. Kasiksi haina hopi, na ndiyo sababu moja haikai siku nyingi. Mpikaji hana mlinzi mwingine isipokuwa usafi wake na uchaguzi wake.

Uchaguzi wa kwanza ni ndizi. Ndizi za pombe si sawa na za kupika wala za kula mbivu. Nyingi zina ukakasi unaokaza ulimi, na ukakasi huo unachukua sehemu ya kazi ambayo hopi hufanya katika bia: unazuia utamu usichoshe. Zipo pia ndizi kama Yangambi Km5, iliyopata jina kutoka kituo cha utafiti cha Yangambi katika mkoa wa Tshopo, ambayo hutoa maji matamu. Zote zinaweza kutoa kasiksi nzuri. Shida ni kuzivundika pamoja katika shimo moja. Aina moja inaiva siku ya nne, nyingine bado ngumu, na ya tatu imeanza kuoza. Atakayekamua rundo hilo atapata maji machache, na harufu ya zilizooza itabaki.

Mchanganyiko huficha pia ugonjwa. Mnyauko wa migomba ulitambuliwa Masisi mwaka 2001, na tangu hapo umemaliza mashamba mengi. Ndizi ya mgomba mgonjwa huiva kabla ya wakati, na ikikatwa, ndani yake ni ya kahawia. Anayenunua mkungu mzima wa aina anayoijua ataiona alama hiyo mara moja. Anayenunua ndizi zilizokwisha kutengwa na kuchanganywa ataiona akiwa tayari ametoa pesa. Naye anayekata mikungu shambani apitishe panga kwenye moto kabla ya kuhamia mgomba mwingine, kwani ugonjwa husafiri kwa panga.

Uchaguzi wa pili ni mtama. Baada ya ndizi kukamuliwa kwa majani na maji yake kuchujwa, unga wa mtama uliokaangwa ndio huleta rangi, harufu na nguvu ya kuchemka. Mtama mwekundu wenye ukakasi, ule ambao hata ndege hawaupendi sana, hutoa kasiksi nzito kidogo. Mtama mweupe hutoa iliyo laini. Hakuna ulio bora kwa kila mtu, kwani wateja wa Walungu na wa Masisi hawakulelewa kwa ladha moja. Lakini mpikaji anayebadilisha mtama kila juma bila kujua hawezi kumpa mteja ladha ile ile mara mbili.

Njia ya kujua ni rahisi na haihitaji pesa nyingi. Maji ya ndizi ya siku moja yagawanywe katika bidoni tatu ndogo za lita 5. Ya kwanza itiwe unga wa mtama mwekundu, ya pili mweupe, ya tatu ulezi, kwa kipimo kile kile cha glasi. Zote zifunikwe na kuwekwa mahali pamoja, kila moja na alama yake. Siku ya pili na ya tatu watu wazima wanaoijua kasiksi waonje. Itakayoshinda ndiyo ya kutengeneza kwa wingi, na muuzaji wa mtama huo ndiye wa kurudiwa.

Kuna hatari moja isiyohusu ladha. Mbegu za kupanda mara nyingi hupakwa dawa ya kuua wadudu na ukungu, nazo hutiwa rangi, mara nyingi nyekundu au ya waridi, ili mtu asizile. Mbegu hizo zikifika sokoni, asiyeujua mtama wake anaweza kudhani ni mtama mwekundu. Kuosha mpaka rangi iishe si kuondoa dawa. Mtama unaoacha rangi mkononi usikaangwe, usisagwe, usitiwe katika pombe wala uji.

Wapo watakaosema kwamba mhami hana nafasi ya kuchagua, anachukua alichopata. Ni kweli pesa yake ni ndogo, lakini ndiyo sababu hawezi kuipoteza kwa kubahatisha. Kina mama watano wakiunganisha faranga zao wanaweza kununua gunia moja la mtama kwa muuzaji mmoja na kugawana. Wengine watasema pombe imeharibu nyumba nyingi, na hilo nalo ni kweli. Hata hivyo, kasiksi ya ndizi na mtama inayouzwa na mama anayejua alichotia ndani si sawa na kinywaji ambacho hakuna anayejua kimetengenezwa kwa nini.

Wauzaji wa soko nao wana wajibu: kila gunia libaki peke yake, na mbegu yenye dawa isikaribie chakula. Mashirika yanayogawa mbegu kwa familia zilizokimbia yawaulize kina mama kabla ya kuagiza: kijijini mlikuwa mkitumia mtama gani? Aliyepoteza shamba bado anakumbuka jibu. Akirudishiwa mtama anaoujua, hata kilo moja, ameanza kurudishiwa kazi yake.