Ya Huku na Kule

Mwezi Septemba 2025 kule Tokyo, Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kwa sekunde 0.03 tu, akimpita Mjerumani utepeni. Vigelegele!

Wajerumani tunawafahamu huku Liuli. Agosti 1914 meli yao, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu itengenezwe, Waingereza wakaipiga mizinga. Nahodha alikuwa hajapata habari kwamba vita vimeanza.

Siku hizi habari hufika upesi, na uongo pia. Akina mama, mkipata ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", mpigieni kwanza mwenye kudai kwa namba yake ya siku zote. Tunamjua mmoja aliyetuma nauli ya kumpeleka mkwewe mjamzito Songea. Gari likakodiwa kwa deni.