Asumini ya Pwani Katika Baridi ya Eldoret



Mwezi wa Juni umeingia, na swali ambalo mama zetu wa hapa Eldoret huniuliza kila mwaka baada ya darsa limekwisha kuanza. Si swali la talaka wala la mirathi. Ni hili: "Sheikh, asumini yangu inapukutisha majani, nifanyeje?" Sikusomea mimea. Nadhani huniuliza mimi kwa kuwa habari ya asumini niliyoiua kwa mikono yangu imekwisha kuenea mji mzima. Basi na niisimulie mwenyewe, pengine itawafaa wengine.

Mtu aliyezaliwa Mombasa, Malindi au Lamu akahamia huku kwa kazi au biashara huja na vitu vyake: mbuzi ya kukunia nazi, chetezo, na mara nyingi kopo lenye kijiti cha asumini. Kijiti hicho ndicho kitakachotoa vikuba vya harusi na harufu ya ua baada ya Magharibi. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alituusia tusikatae rehani tunapotunukiwa, na wako wanazuoni walioingiza humo kila mmea wenye harufu njema. Kwa hiyo sioni kuwa ni upuuzi mama kuhuzunika kwa ajili ya kopo la asumini.

Ahali yangu alikuja na mche wake kutoka nyumba ya mamake, Mji wa Kale, Mombasa. Ulipofika ulichanua vizuri. Ilipofika Julai majani yakaanza kuwa manjano. Mimi, kwa kudhani kuwa una kiu, na kwa kutotaka maji ya udhu yapotee bure, nikaazimia kutawadha juu yake. Mara tano kwa siku! Kadiri majani yalivyoanguka ndivyo nilivyozidi kuumwagilia. Tulipoung'oa mizizi ilikuwa myeusi, laini kama tambi zilizopikwa zikapita kiasi, na harufu yake ilikuwa ya kinamasi. Mwenye kuhubiri juu ya israfu ya maji alikuwa ameuzamisha mche wa mkwewe.

Kosa langu lilikuwa kutofahamu hali ya mji huu. Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya bahari. Mombasa, hata katika kipupwe, usiku huwa karibu nyuzi 20. Hapa hushuka hadi karibu nyuzi 10. Na usiku peke yake si tatizo, kwa kuwa usiku wa huku ni wa baridi mwaka mzima. Tatizo la miezi ya Juni hadi Agosti ni kwamba hata mchana haupati joto: mawingu hutanda, mvua hunyesha alasiri, na mara nyingine huja mvua ya mawe inayochana majani. Asumini ni mmea wa nchi za joto. Baridi ikiingia husimama: hauoti, hauchanui, haunywi. Maji usiyoyanywa hubaki kwenye udongo baridi, na hapo ndipo mizizi huoza. Majani hugeuka manjano kwa kukosa maji na hugeuka manjano vilevile kwa kuzidishiwa, na aliyetazama majani tu bila kugusa udongo atadanganyika kama nilivyodanganyika mimi.

Dawa ya kwanza, basi, ni kidole. Kitie kwenye udongo hadi pingili ya pili. Ukihisi unyevu, ondoka na birika lako. Ukihisi ukavu, tia maji kidogo, yaliyolala ndani ya nyumba usiku kucha, si yale ya mfereji yanayouma vidole. Kopo liwe na matundu chini, na kisahani kilicho chini yake kisiachwe na maji. Tena usilisimamishe kopo juu ya sakafu ya saruji, kwani baridi hupanda kutoka chini. Liweke juu ya kigoda au kipande cha mbao. Mbolea iache mpaka mmea uamke.

La pili ni mwanga. Wengi huingiza mche ndani wakaufungia stoo, wakidhani kilichotakiwa ni joto tu. Unahitaji jua, na hapa tuna bahati. Eldoret iko karibu mno na mstari wa ikweta, na katika miezi hii jua hupita upande wa kaskazini. Kwa hiyo dirisha linalopata jua sasa ni la kaskazini, nalo kwa sisi wa hapa ndilo la kibla, kwa kuwa Makka iko kaskazini yetu, ikielemea mashariki kidogo. Nimeingia nyumba moja nikakuta asumini imewekwa mbele kabisa ya msala, hata mwenye kusujudu huguswa na matawi. Isogezeni kando kidogo, mama zangu. Inatosha kushughulishwa na simu katika swala.

Usiku uuondoe mche kwenye kioo, maana kioo huwa baridi kuliko chumba, halafu asubuhi uurudishe.

Na hapa niseme jambo zito kuliko asumini. Msiwashe jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa kwa kutafuta joto, si kwa ajili ya maua wala kwa ajili ya watoto. Moshi wa makaa una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na mtu hulala asiamke. Kila msimu wa baridi husikika msiba wa namna hiyo. Mche ukifa, utapandwa mwingine.

Mche ulio ndani huweza kuvamiwa na wadudu weupe mithili ya vipande vya pamba kwenye vifundo vya matawi. Uwapanguse kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo, urudie baada ya siku chache. Mrehani usihangaike nao. Ukifa, panda mbegu nyingine. Mkilua na mlangilangi ni miti ya bustani ya Pwani, sijaona kopo la kuutosha. Na asiyetaka taabu yote hii apande mawaridi. Hayo hupenda baridi ya milimani. Marashi mawaridi mazuri ya Oman hutoka Jabal Akhdar, ambako maua hulimwa kwenye mwinuko unaokaribiana na wetu.

Ahali yangu hataki mawaridi. Baada ya msiba wa mche ule tulishuka Mombasa, akakata kijiti kingine kwa mamake, akakiotesha kwenye mchanga wenye unyevu. Mwaka uliofuata mama mkwe alifariki, Allah amrehemu. Warithi walikuwa wengi, nyumba ikauzwa ili kila mmoja apate haki yake, na aliyeinunua akamwaga saruji ua mzima. Hakutenda kosa, ua ni wake. Lakini asumini yetu aghalabu haitoi mbegu. Kila mche ni kipande cha mche uliotangulia. Shina lile la Mji wa Kale limebaki katika kopo moja la samli, juu ya kigoda, kwenye dirisha la kibla, Eldoret. Mimi sipewi ruhusa ya kulitia maji.

Likifika Septemba na mawingu yakianza kupungua, tutaupogoa, kwa kuwa maua hutoka kwenye matawi mapya, kisha tutautoa nje kidogo kidogo: saa moja kivulini siku ya kwanza, mbili siku ya pili, mpaka majani yazoee jua kali la huku juu. Matawi yatakayokatwa hayatatupwa. Ameniamuru nitangaze kwamba atayaotesha, na kwamba anataka angalau nyumba tano ziyachukue, moja hapa na nyingine Pwani, ili mche usiwe katika kopo moja tena. Mwenye kutaka na amwambie baada ya darsa ya wanawake, aje na kopo lake, na lisiwe bila matundu.